Prosesa ya laptopu: ya kung'oka na ya kushikamana

Mwalimu alitoka Luanda ya Vihiga asubuhi mapema, akashuka Kisumu stendi na mkoba umekumbatiwa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alipofika kwa fundi, ghorofani nyuma ya Oginga Odinga Street, alikataa hata kiti.

"Fundi, nataka uing'oe hii prosesa ya i5 uniwekee i7. Nimeambiwa inawezekana."

"Karibu kwanza, mwalimu. Nani amekuambia?"

Alikuwa ameambiwa na muuzaji mmoja wa laptopu za mtumba, aliyekwisha kumtajia bei na kumwomba arbuni. Mwalimu hakuwa na haraka ya kununua nyingine. Ile yake ilikuwa imemtumikia miaka mingi, ina mitihani yote aliyowahi kutunga, na tatizo lake lilikuwa moja tu: asubuhi anaiwasha, anakwenda kunywa chai, anarudi bado inazungusha vile vitone. Juu ya hayo, siku hizi ilikuwa inamwonyesha ujumbe kwamba haifai kupokea Windows 11.

Fundi hakuifungua. Aliiwasha, akasubiri, akasoma kwenye skrini jina la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za mashine: i5-4300U. Akasema, "Hii haing'oki, mwalimu." Nilikuwa nimekaa hapo nikingoja tundu la chaja langu litengenezwe, nikaona uso wa mzee ukibadilika. Alidhani ananyimwa huduma. Fundi alikuwa amekataa pesa ambayo mwingine angeipokea, na bado akaonekana yeye ndiye asiyejua kazi. Sentensi ile ya maneno mawili ina mambo mengi ndani yake, na kwa kuwa watu wengi wanapoteza pesa kwa kutoielewa, nataka kuifungua hapa polepole.

Jibu lenyewe ni hili: laptopu nyingi mno zilizo mikononi mwa watu leo haziwezi kubadilishwa prosesa. Kwa upande wa Intel, watengenezaji wa hizi i5 na i7, kuanzia kizazi cha 5 (ya mwalimu ni cha 4, kama ile 4 ya mwanzo katika 4300U inavyoonyesha), yaani tangu mwaka 2015 hivi, prosesa za laptopu zote hulehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ule mafundi huuita mazabodi. Zinazoponyoka ni zile laptopu nene chache za michezo zilizopachikwa prosesa za kompyuta za mezani, nazo ni nadra kuziona kwenye meza za mafundi wa huku. Kabla ya hapo, yaani kizazi cha 4 kurudi nyuma, ilitegemea: laptopu nene za ofisi kwa kawaida zilikuwa na soketi, na nyembamba zilikuwa zimelehemiwa.

Tofauti yenyewe ukiiona kwa macho huisahau. Prosesa ya soketi ina pini nyembamba upande wa chini, karibu elfu moja, na soketi ina matundu yanayolingana nazo. Pembeni pana skrubu moja pana yenye alama ya kufuli. Ukiizungusha nusu mzunguko, soketi inaachia, na prosesa unainyanyua kwa vidole viwili bila kutumia nguvu. Kwenye pembe moja kuna pembetatu ndogo ya dhahabu inayokuonyesha upande wa kuingilia. Ni kama balbu na kishikilio chake: vimetengenezwa vikijua kwamba siku moja vitaachana.

Prosesa ya kulehemiwa haina pini hata moja. Chini yake kuna vitone vya lehemu, vidogo kuliko mbegu za wimbi, vilivyopangwa kwa safu. Ile ya mwalimu ina 1168, vyote ndani ya mstatili wa milimita 40 kwa 24. Kiwandani, ubao hupitishwa kwenye tanuri, vitone vyote vikayeyuka kwa pamoja na kushika. Huwezi kuviona, huwezi kuvifikia kwa ncha ya chuma cha kulehemu, na kimoja kikikosa kushika laptopu haiwaki au inawaka ikizimazima bila mpango.

Intel walizipa soketi za laptopu majina ya herufi. Soketi P ilibeba Core 2 Duo za mwaka 2007. G1 ikaja 2009 na kizazi cha kwanza cha Core i. G2 ilibeba kizazi cha 2 na cha 3, yaani 2011 na 2012. G3 ikabeba cha 4, mwaka 2013, na ndiyo ikawa ya mwisho, hakuna G4. AMD, washindani wa Intel, nao walikuwa na zao, S1 na FS1, na wao pia wakaziacha. Prosesa zao za Ryzen za laptopu zimelehemiwa tangu zilipoanza kutoka.

Watu hudhani sababu ni uchoyo wa kampuni, na sitasema uchoyo haupo. Lakini kuna sababu za kifundi ambazo ni haki kuzitaja. Soketi ina unene wake, na mwaka 2011 Intel walianza kusukuma laptopu nyembamba walizoziita Ultrabook, ambazo kila milimita ndani yake ilihesabiwa. Halafu zile prosesa za kizazi cha 4 zenye herufi U zilikuja na jambo jipya: chipu nyingine, ile inayosimamia USB, diski na sauti, ambayo zamani ilikaa peke yake kwenye mazabodi, ilihamishiwa kwenye kifurushi kimoja na prosesa. Kwa hiyo kile unachokiita prosesa kwenye laptopu ya mwalimu ni prosesa na jirani yake, wamejengwa nyumba moja. Ndiyo maana laptopu ya leo ina uzito wa kilo moja na nusu na inakaa na chaji kutwa nzima. Tumepata wepesi, tumepoteza uwezo wa kutengeneza. Mimi kwa upande wangu, nikiishi mahali ambapo watu hununua kifaa kimoja na kutarajia kitumike miaka kumi, naona tulichopoteza ni kikubwa kuliko tulichopewa.

Utajuaje yako iko upande gani bila kuifungua? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, na jina la prosesa litakuwa juu kulia. Angalia herufi zinazofuata tarakimu. U, Y, G na HQ ni za kulehemiwa, na H pia. M, QM na MQ katika kizazi cha 2 hadi cha 4 kwa kawaida ni za soketi. Tazama jinsi herufi moja inavyobeba mzigo: i7-4700MQ ni ya soketi, i7-4700HQ imelehemiwa, na kwa kazi hazitofautiani. ThinkPad T440p ina soketi. T440, bila ile p, imelehemiwa. Dell Latitude E6440 ina soketi, E7440 haina. Mtu akikuambia "ndugu yangu alibadilisha ya kwake na ni hii hii", muulize namba kamili, mpaka herufi ya mwisho.

Hata herufi M peke yake si hati ya kiapo. i5-3320M ilitengenezwa kwa namna mbili, yenye pini na yenye vitone. ThinkPad T430 ilipewa ya pini. X230, dada yake mdogo wa mwaka huohuo, ilipewa ya vitone. Jina moja kwenye skrini, hatima mbili tofauti. Kwa hiyo unachotafuta hasa ni jina la laptopu pamoja na jina la prosesa, kisha unafungua kitabu cha matengenezo cha laptopu hiyo, kile cha mafundi, ambacho HP, Dell na Lenovo hukiweka wazi kwenye tovuti zao bila malipo. Kama prosesa ina ukurasa wake wa kutolewa, inatoka. Kama mazabodi na prosesa vimeorodheshwa kama kipuri kimoja, hapo shauri limekwisha.

Na kuna mtego mmoja ambao umewapoteza hata vijana wanaosomea kompyuta. Sehemu hiyohiyo ya utendaji kwenye Windows huandika "Sockets: 1". Mtu anaona neno soketi, anafurahi. Hapo Windows inahesabu tu idadi ya prosesa zilizomo ndani ya mashine, na laptopu yoyote itaandika 1, hata iliyolehemiwa. Programu ya bure iitwayo CPU-Z husaidia zaidi: kwenye mstari wa kifurushi, ukiona BGA ujue ni vitone, ukiona PGA ujue ni pini.

Sasa tuseme umebahatika, yako ina soketi. Bado hujafika.

Kwanza, soketi na kizazi. Prosesa ya G3 haiingii kwenye G2, matundu yenyewe hayalingani. Na hata pini zikiingia, BIOS, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, lazima iitambue prosesa mpya. Kizazi cha 2 na cha 3 vinatumia soketi moja, lakini laptopu iliyotoka na kizazi cha 2 inaweza kuikataa ya kizazi cha 3 ikabaki na skrini nyeusi. Njia salama ni kuchagua prosesa ambayo mtengenezaji mwenyewe aliiuza ndani ya modeli hiyohiyo, au ambayo watu wengine wamekwisha kuijaribu ndani ya modeli hiyohiyo ikakubali.

Pili, joto. Hapa ndipo Kisumu inapoingia kwenye hesabu. Prosesa nyingi za M ni za wati 35, nazo QM nyingi ni za wati 45. Bomba la shaba na feni ndani ya laptopu yako vilipimwa kwa ile wati 35. Ukiongeza wati 10 mahali ambapo mchana wenyewe unafika nyuzi 30 na chumba hakina hata dirisha la pili, prosesa itapanda hadi karibu nyuzi 100, kisha itajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Utakuwa umelipia i7 inayokimbia mwendo wa i5, na feni inayolia kama mashine ya kusaga. Chaja nayo iangaliwe. Ya wati 65 iliyotosha jana huenda isitoshe kesho.

Mfano wa kazi iliyokwenda vizuri niliuona kwenye meza hiyohiyo. Kijana wa Maseno alileta T440p yenye i5-4300M, prosesa ya wati 37 yenye viini viwili, yaani vichwa viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja. Alikuwa amenunua i7-4702MQ iliyotumika, viini vinne, nyuzi nane za kazi, na wati ni zilezile 37. Kijana alikuwa ametafuta hiyo 4702 makusudi, akaziacha zile za wati 47 zilizouzwa bei moja. Fundi alifungua kifuniko cha chini, akachomoa betri, akalegeza bomba la shaba, akafuta ule uji wa kijivu uliokauka kwa pamba na spiriti. Akazungusha skrubu ya kufuli. Akainyanyua ya zamani, akaiweka mpya bila kuisukuma, akazungusha tena, akapaka uji mpya wa kupitisha joto kiasi cha punje ya mchele. Nusu saa. Kijana anahariri video za harusi, na kwa kazi ya namna hiyo viini vinne badala ya viwili ni tofauti ya kwenda kulala ukiiacha ikisaga, na kuimaliza kabla ya chakula cha jioni.

Lakini nimewahi kuona pia, mezani hapo, prosesa ya mteja mwingine aliyejaribu nyumbani kwa bisibisi. Alikuwa ameibandua bila kuilegeza soketi. Safu nzima ya pini ilikuwa imelala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Fundi alizinyoosha moja moja kwa wembe chini ya kioo cha kukuzia, na mbili zikakatika. Hizo hazirudi.

Na kama imelehemiwa, je, haiwezekani kabisa? Nitasema kweli: inawezekana, kwa maana ileile ambayo kuhamisha mwembe mzima uliokwisha zaa inawezekana. Zipo mashine za kupasha ubao joto kutoka chini na juu mpaka vitone viyeyuke. Fundi mwenye mkono mzuri huitoa chipu, akasafisha, akaipachika nyingine yenye vitone vipya. Kazi hiyo hufanywa hasa kuokoa bodi iliyokufa, na chipu inayowekwa huwa ni ya aina ileile iliyotoka. Kuweka tofauti kunarudisha yale maswali yote ya BIOS na umeme, sasa bila njia ya kurudi nyuma kirahisi. Ubao ukipashwa vibaya unapinda, na vipuri vya jirani vinaachia. Na tuangalie mwalimu angepata nini hata kazi ikifaulu. i7 aliyoahidiwa, inayotoshea vile vitone 1168, ni kama i7-4600U. Hiyo nayo ina viini viwili na nyuzi nne, sawasawa na i5 yake. Kasi yake ya juu ni gigahatsi 3.3 dhidi ya 2.9. Angelipa pesa nyingi, angehatarisha laptopu yake nzima, kwa tofauti ambayo asingeihisi kidoleni.

Njia ya tatu ni kubadilisha mazabodi nzima kwa nyingine ya modeli hiyohiyo iliyokuja na prosesa bora zaidi. Hii hufanyika, na wakati mwingine bodi iliyotolewa kwenye laptopu yenye skrini iliyopasuka hupatikana kwa bei nafuu. Ila itazame vizuri kabla ya kulipa, maana bodi inayouzwa peke yake huenda ina neno la siri la BIOS la kampuni iliyoimiliki huko ilikotoka. Kampuni ya Marekani iitwayo Framework, tangu 2021, inauza laptopu ambazo mazabodi yake imekusudiwa kubadilishwa na mwenyewe nyumbani. Natamani siku moja nizione kwenye maduka ya Kisumu na Nakuru.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma zaidi, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea. Anayesema "laptopu yangu ni nzito, nataka prosesa" mara nyingi hana tatizo la prosesa kabisa. Fundi alimgeuzia mwalimu skrini wakati laptopu ikihangaika kufungua. Prosesa ilikuwa inatumika asilimia 12. Diski ilikuwa asilimia 100, na ikakaa hapo dakika baada ya dakika.

"Unaona, mwalimu? Huyu mpishi wako amekaa tu. Anangoja mtu wa kuleta kuni."

Diski ile ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika, na juu yake kuna mkono unaokimbia huku na huko ukitafuta vipande vya faili. Windows inapoamka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na mkono ule unafikia kama mia moja tu kwa sekunde. SSD, diski ya kisasa iliyoundwa kwa chipu tupu, haina sahani wala mkono. Inafikia makumi ya maelfu. Hata kwa faili moja kubwa iliyonyooka, diski ya sahani husoma megabaiti 100 hivi kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya SATA hufika 500. Hakuna prosesa yoyote duniani itakayoziba pengo hilo, kwa sababu prosesa yenyewe ndiyo inayongojeshwa.

Kisha RAM, ile kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizofunguliwa. Laptopu ya GB 4 yenye kivinjari kilichofunguliwa kurasa kumi huwa imejaa, na ikijaa inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, ileile diski ya polepole. Kuongeza hadi GB 8 ni kazi ya dakika kumi, mradi laptopu yako ina nafasi ya kuchomeka, kwani nyembamba nyingi siku hizi hata RAM imelehemiwa. Na hapa pana kosa dogo la kuepuka: laptopu za kizazi cha 4 zinataka DDR3L, ile ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 ina umbo lilelile, inaingia vizuri, halafu laptopu haiwaki, na mteja anadhani ameuziwa mbovu.

La mwisho ni vumbi, na hili si dogo. Wenzetu wa Nakuru, mji ambao jina lake huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la vumbi, wanalijua zaidi yetu. Fundi akifungua laptopu iliyokaa miaka mitano bila kusafishwa, kati ya feni na mapezi ya shaba anabandua kipande kizima cha vumbi kilichoshikana kama blanketi. Hewa haikuwa ikipita. Prosesa ilikuwa ikijipunguza kasi kila alasiri ili isiungue, na mwenyewe akidhani imezeeka. Kusafisha feni na kupaka uji mpya wa joto kumezirudishia laptopu nyingi kasi ambayo wenye nazo walikuwa tayari kwenda kuinunua.

Imebaki Windows 11, ambayo nayo ilichangia kumtoa mwalimu kwao asubuhi ile. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, pamoja na chache mno za kizazi cha 7, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Sasa rudi nyuma uangalie: soketi za laptopu ziliishia kizazi cha 4. Kwa hiyo hakuna laptopu ya kawaida unayoweza kuitoa upande wa waliokataliwa na kuiingiza upande wa waliokubaliwa kwa kubadilisha prosesa. Hata ile T440p ya kijana wa Maseno, pamoja na viini vyake vinne, bado imekataliwa. Yeyote anayekuuzia prosesa kwa ahadi ya Windows 11 anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Zipo njia nyingine. Watumiaji wa nyumbani waliojisajili katika mpango wa nyongeza wa Microsoft waliahidiwa viraka vya usalama vya Windows 10 hadi Oktoba 2026. Zipo pia mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie. Inaingia, ila Microsoft wanasema wazi kwamba mashine hiyo haina haki ya kupokea masasisho, na mimi nisingeiweka hivyo laptopu yenye mitihani ya watoto. Ninachowashauri walio tayari kujifunza ni Linux, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows, kama Ubuntu au Mint. Ni bure, inaendelea kupata viraka, na kwenye laptopu ya kizazi cha 4 yenye SSD inatembea kwa raha. Mwalimu alisikiliza, akauliza kama LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, itafungua mitihani yake ya zamani. Itafungua, ingawa majedwali na alama za hesabu huenda zikasogea hapa na pale. Akasema atafikiria.

Walichokubaliana siku hiyo ni SSD na RAM ya pili. Fundi alinakili kila kitu kutoka diski ya zamani, kazi iliyochukua karibu saa mbili kwa sababu ya diski hiyohiyo, na tukakaa tukizungumza habari za shule za Vihiga. Alipoiwasha tena, mwalimu alikuwa ameanza kuinuka kwa mazoea, kana kwamba anakwenda kutafuta chai. Skrini ikawaka. Akaketi.

"Na ile i7?" akauliza baada ya muda.

"Mwalimu, laptopu hii itakuhudumia bado. Ile pesa iweke ya nyingine siku itakapobidi."

Ilitokea kwamba ana binti anayeingia Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwezi wa tisa, naye anahitaji laptopu. Fundi akamwambia asiangalie kibandiko cha i7 kilichopachikwa mbele, bali tarakimu zinazofuata: i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne na inakubaliwa na Windows 11, wakati i7-4600U ya 2013 ina viini viwili na haikubaliwi, ingawa dukani ile ya i7 inaweza kutajwa bei ya juu. Na kwa kuwa prosesa atakayoinunua ndiyo atakayokaa nayo mpaka mwisho, pesa iende kwenye kizazi kipya kwanza. Diski ataiongeza baadaye, RAM pia, akiona kwanza kama zina nafasi ya kuchomekwa.

Mwalimu alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akageuza risiti, akaandika nyuma yake: kizazi cha 8 kwenda juu, RAM isiwe ya kulehemiwa, SSD. Akampa fundi aisome kuhakikisha hajakosea.